Mzigo wa Kilomita Tisa

Baiskeli yangu ina gia ishirini na moja
na kilima hiki kimezimaliza zote.
Nashuka. Nasukuma.
Napitwa na mkokoteni wa nyasi kavu;
farasi ananigeukia, ananipima,
kama karani anayejua mkopo wangu hautapita.

Na karani ni mimi: wa bima, kutoka Bukaresti.
Miezi minne ya baridi niliichora njia hii
kwa penseli nyekundu, kwenye meza ya jikoni,
kijiji hadi kijiji, magharibi daima,
mpaka mke wangu akaniuliza
kama ramani nayo itataka chai.

Miti ya plamu imesimama kingo zote mbili.
Matunda yameanguka, yamepondeka, yamechacha,
nyigu wamelewa chakari, hata kuuma hawataki.

Kisha mteremko.
Loo, mteremko!
Upepo unajaa mikono ya shati,
mnyororo unanong'ona, breki nazisahau,
na kijiji kinanijia mbio:
nyumba za samawati, za kijani, za rangi ya kiini cha yai,
kila moja na mwaka wake juu ya lango,
1784, 1811,
1902, huyu kitinda mimba.

Kanisa lao ni ngome. Kuta nene kama ukaidi,
matundu ya mishale, na mnara ambamo kila ukoo
ulitundika nyama yake ya nguruwe, yenye muhuri wake,
wakingoja kuzingirwa.
Mlango una kufuli. Kibao kinasema:
ufunguo, nyumba namba nne.

Namba nne ni Zenovia, mikono hadi viwiko ndani ya unga.
Wenye kanisa walihamia Ujerumani, familia baada ya familia,
wa mwisho akamwachia ufunguo kama mtu aachavyo paka.
Yeye si wa dhehebu lao.
Lakini kila Jumamosi hupanda ngazi tisini na mbili
kuijaza saa ya mnara.
"Isiposema saa," anasema, "kuku wangu hawalali."

Nikiondoka ananishika usukani.
"Unapita kwa Paraschiva? Dada yangu. Ng'ambo ya kilima,
kilomita tisa. Basi lilikatwa mwaka ule walipofunga shule,
na magoti yangu yalistaafu kabla yangu."
Ananipa chupa ya jemu ndani ya soksi ya sufi.
"Mwambie ni yangu. Usimwambie nimemtuma."

Niliufikiria ujumbe huo kilima kizima.

Paraschiva aliifungua papo hapo, langoni,
akachovya kidole, akalamba.
"Sukari nyingi," alisema. "Hajabadilika."
Akachovya tena.
Akaniuliza kama bado anaipanda ile ngazi.
Akaniuliza kama amekonda.
Nikasema ana unga hadi viwikoni, zaidi sijui.
Alicheka, kisha akaingia ndani, nikasikia droo zikifunguka,
moja, nyingine, nyingine.

Alirudi na soksi ileile,
ndani yake kitu kizito kidogo, kilichofungwa kwa uzi.
"Unarudi kwa njia hii?"
"Hapana, mama. Naenda magharibi."
Nikamwonyesha ramani, penseli nyekundu, miezi yangu minne.
Aliitazama kwa adabu,
kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mgeni.
Kisha akaifungua mfuko wa baiskeli yangu,
akaitia soksi, akaufunga buku.

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga.
Wahenga hawakusema habari ya aliyeshuka
akiimba, amefumba jicho moja kwa raha,
na sasa kilima kilekile kimemgeuzia mgongo
naye anakipanda, saa kumi za jua kali,
akiwa na soksi ya mtu.

Nashuka. Nasukuma.
Mkokoteni ule unarudi mtupu.
Farasi ananitazama.
Safari hii mimi ndiye ninayemsalimu kwanza.